Mgeni na Mwenyeji Shambani: Somo la Kutazama Ndege Kinangop

Mara ya kwanza nilipoalikwa kutazama ndege Kinangop, nilidhani tunakwenda msituni. Nilibeba kamera ya kazi na macho yangu yakawa kwenye safu ya milima ya Aberdare. Gari likasimama kando ya malisho ya ng'ombe, mkabala na shamba la viazi, na kiongozi wetu akatuambia tuangalie chini. Ndege tuliyemfuata hakai mtini. Anaishi kwenye nyasi, katikati ya mashamba yetu, na hapatikani katika nchi nyingine yoyote duniani isipokuwa Kenya.

Makala haya ni somo kwa mwananchi, mwalimu, kikundi cha vijana au mkulima anayetaka kuanza matembezi ya kutazama ndege kwenye mashamba ya nyanda za juu. Ukimaliza kuyasoma utaweza kuchagua msimu mzuri, kutofautisha ndege wawili wanaofanana, kuweka kumbukumbu zenye manufaa, na kueleza kwa nini shamba la nyasi ni mali.

Kwa nini Novemba hadi Aprili

Sisi hatuna majira ya baridi kama ya Ulaya, lakini majira yao yanatufikia kwa njia ya ndege. Kuanzia Septemba na Oktoba, siku za Ulaya na Asia ya kaskazini zinapofupika na wadudu kupungua, mamilioni ya ndege husafiri kuja Afrika. Mbayuwayu mwenye mkia wa panda ana uzito wa takriban gramu 20 tu, lakini husafiri maelfu ya kilomita, na baadhi yao hufika hadi Afrika Kusini.

Kinangop iko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,400 hadi 2,700 juu ya usawa wa bahari. Novemba kuna mvua za vuli na udongo umejaa wadudu. Januari na Februari anga huwa safi, usiku baridi ni kali, na asubuhi nyingine unakuta jalidi, yaani umande ulioganda, juu ya majani ya viazi. Nyasi zimepungua kimo na njia zinapitika, kwa hiyo huu ndio wakati rahisi zaidi kwa anayeanza. Machi mvua za masika zinapokaribia, wageni hujiandaa kurudi kwao, na kufikia mwisho wa Aprili wengi wameondoka.

Kwa hiyo ukitembea shamba lile lile mara moja kila mwezi, kuanzia Novemba hadi Aprili, utaona hadithi nzima: kufika, kukaa, na kuondoka. Na utaona pia ni nani anabaki.

Ndege wawili wa manjano

Tuanze na ndege wawili wanaoweza kuonekana kwenye malisho yale yale, asubuhi ile ile, na ambao wengi wetu huwachanganya.

Wa kwanza ni mgeni. Ni ndege mdogo mwembamba mwenye tumbo la manjano na mkia mrefu ambao huutikisa juu na chini bila kupumzika. Wanasayansi humwita Motacilla flava. Hutembea karibu kabisa na kwato za ng'ombe, akidaka wadudu wanaoruka ng'ombe anapokanyaga nyasi. Novemba rangi yake ni hafifu. Mtazame tena Februari na Machi: manjano yake yameiva, na madume wameanza kuonyesha vichwa vya rangi tofauti, wengine vya kijivu kama samawati, wengine vyeusi, kulingana na sehemu wanakotoka. Hiyo ni dalili kwamba safari ya kurudi iko karibu.

Wa pili ni mwenyeji. Huyu ni kucha-ndefu wa Sharpe, au Macronyx sharpei. Aliandikwa kisayansi mwaka 1904 na Frederick Jackson, na jina lake linamkumbuka Richard Bowdler Sharpe, mtaalamu wa ndege wa Uingereza. Neno Macronyx lina asili ya Kigiriki na maana yake ni kucha ndefu, kwa sababu ukucha wa kidole chake cha nyuma ni mrefu na humsaidia kutembea juu ya nyasi. Ni mnene kuliko yule mgeni. Mgongo wake ni wa kahawia wenye michirizi, kiasi kwamba akikupa mgongo huwezi kumtofautisha na nyasi kavu. Akigeuka, kifua chake ni cha manjano chenye michirizi myeusi. Hautikisi mkia wake kama mgeni. Akishtuka huruka chini chini, anaonyesha nyeupe pembeni mwa mkia, kisha anatua tena nyasini mbali kidogo.

Kanuni ya kukumbuka ni hii: mkia unaotikisika karibu na ng'ombe, huyo ni mgeni, michirizi kifuani na ndege aliyetulia kwenye fungu la nyasi, huyo ni mwenyeji.

Maandalizi ya matembezi

1. Omba ruhusa. Sehemu kubwa ya Kinangop ni ardhi ya watu binafsi. Kiongozi atembelee boma siku moja kabla, amsalimie mzee au mama mwenye shamba, aeleze idadi ya watu na saa. Siku yenyewe mpige hodi, mbwa wafungwe, na kila geti mnalofungua mlifunge.

2. Anza mapema. Kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa nne asubuhi ndege wana shughuli nyingi. Jua likipanda, wengi hutulia.

3. Vaa kwa kazi. Sweta, kofia na buti za mpira. Epuka nguo nyeupe au zenye rangi kali.

4. Darubini moja yatosha watu watatu au wanne. Ukiona imeandikwa 8x42, nambari 8 ina maana inakuza mara nane, na 42 ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Kwa anayeanza, ukuzaji wa 8 ni bora kuliko wa 12, kwa sababu picha haitetemeki sana mkononi.

5. Tembeeni kwa mstari mmoja, kando ya ua au njia ya ng'ombe. Kucha-ndefu hutaga mayai chini, kwenye kina cha fungu la nyasi. Kundi likitawanyika shambani linaweza kukanyaga kiota bila kujua.

6. Msipige sauti za ndege kwa simu ili kuwavuta. Ndege huacha kula au kulalia mayai ili kumfukuza adui ambaye hayupo.

Kuhesabu na kuandika

Matembezi bila daftari ni burudani tu. Matembezi yenye daftari ni ushahidi. Kila mara andika tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, mahali, hali ya hewa, aina ya ndege, idadi, na alichokuwa akifanya. Kisha ongeza jambo moja ambalo wengi husahau: hali ya shamba. Je, ni nyasi fupi zenye mafungu, nyasi tupu, shamba lililolimwa, au mikaratusi?

Fanyeni zoezi hili. Chagueni mashamba matatu yaliyo karibu: moja la malisho, moja la viazi au kabichi, na moja la miti ya kupandwa. Tumieni dakika 30 kila shamba, kwa mwendo ule ule. Ndege akiruka kutoka mbele na kutua nyuma yenu, msimhesabu tena. Ndege asipoonekana, andikeni sifuri, kwa maana sifuri nayo ni taarifa. Baada ya miezi sita mtakuwa na jedwali ambalo hata mwanafunzi wa shule ya msingi anaweza kulisoma.

Kumbukumbu hizi zina pa kwenda. Mradi wa Ramani ya Ndege Kenya hupokea orodha kutoka kwa watu wa kawaida. Nchi imegawanywa katika miraba yenye upande wa takriban kilomita tisa, na orodha kamili huhitaji angalau saa mbili za kutazama ndani ya mraba mmoja. Shirika la Nature Kenya nalo limekuwa na matembezi ya Jumatano asubuhi jijini Nairobi kwa miongo kadhaa, na wengi wa waongozaji wa ndege nchini walianzia huko.

Kilicho hatarini

Mgeni akikuta malisho yamelimwa, anaweza kuhamia malisho mengine, na Aprili ataondoka. Mwenyeji hana pengine. Kucha-ndefu wa Sharpe anahitaji nyasi fupi zenye mafungu ya nyasi ngumu, kwenye maeneo ya juu. Haishi katika shamba lililolimwa wala chini ya mikaratusi. Ndiyo sababu yuko kwenye orodha ya kimataifa ya viumbe walio katika hatari ya kutoweka, na Kinangop ni moja ya ngome zake kuu.

Tusimlaumu mkulima. Nyanda hizi zilikuwa malisho ya Wamaasai, kisha zikawa mashamba ya walowezi, na kuanzia miaka ya mapema ya 1960 familia zilipewa makazi hapa chini ya mpango wa ekari milioni moja. Shamba la babu limegawanywa kwa wana, na la wana kwa wajukuu. Mwenye ekari mbili na karo ya kulipa Januari atalima viazi. Na yale mafungu ya nyasi ngumu ambayo ng'ombe hawayapendi, huyang'oa ili malisho yawe safi. Anachokiona kama uchafu ndicho nyumba ya ndege.

Siku ile ya kwanza, mzee mwenye malisho alitusikiliza kwa upole kisha akauliza swali moja: ndege huyu atamlipa nini? Hakuna aliyekuwa na jibu la haraka. Swali lake ni la haki, na somo lolote la uhifadhi linalolikwepa halijakamilika.

Majibu tuliyo nayo

Jibu la kwanza liko kwenye mifugo. Kucha-ndefu hataki nyasi zilizoachwa zikawa pori. Anataka nyasi zinazolishwa kwa kiasi. Kwa hiyo ng'ombe wa maziwa na kondoo ni marafiki wake. Huko Njabini, kikundi cha wenyeji cha Marafiki wa Kinangop kimehimiza ufugaji wa kondoo na ufumaji wa sufu, ili ardhi yenye nyasi ilete fedha bila kulimwa.

Jibu la pili ni wageni wa miguu miwili. Kwa anayetafuta ndege wasiopatikana nchi nyingine, Kinangop ina sababu ya kuwekwa kwenye safari. Anahitaji kijana anayejua shamba lipi lina ndege, mahali pa chai, na ruhusa ya kuingia. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenye nyasi naye apate sehemu ya malipo, si mwongozaji peke yake.

Jibu la tatu ni kazi ambayo ndege wengine hufanya bure. Mwewe mkubwa mwenye mkia mwekundu anayekaa juu ya nguzo hula fuko, adui wa viazi na karoti. Bundi, ambaye wengine humfukuza kwa hofu, hula panya usiku kucha. Yangeyange hudaka panzi.

Haya yote hayatoshi kwa kila familia, na Nature Kenya imelazimika kununua vipande vya ardhi Kinangop ili vibaki nyasi. Hata hivyo, kuna mambo ambayo mkulima anaweza kufanya bila gharama kubwa:

- Acha mafungu ya nyasi kwenye sehemu ya malisho, hasa pembe zenye maji ambazo hazifai viazi.
- Panda miti kwenye mipaka na karibu na boma, si katikati ya malisho ya wazi.
- Usichome nyasi wakati ndege wanataga.
- Funika vizuri mbegu zilizotiwa dawa. Ndege wanaookota mbegu hizo, akiwemo korongo taji, hufa.

Nilirudi kwenye malisho yale Aprili. Ndege wa mkia unaotikisika hawakuwapo tena kwenye kwato za ng'ombe. Juu ya fungu la nyasi, karibu na ua, mwenyeji alikuwa amesimama, kifua kikielekea jua. Mzee alikuwa bado hajalima upande ule. Alituambia ataamua msimu ujao.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Taja tofauti tatu kati ya ndege mgeni na ndege mwenyeji waliotajwa katika somo hili.
2. Kwa nini ni muhimu kuandika sifuri kwenye daftari?
3. Katika kijiji chenu, ni shamba lipi lililokuwa nyasi miaka kumi iliyopita na sasa limelimwa? Waulizeni wazee ni ndege gani waliokuwa hapo.
4. Kama ungekuwa na ekari mbili, ungeacha sehemu gani iwe nyasi, na ungepata nini kutoka kwayo?