Miguu bado inauma baada ya kutibiwa mishipa? Jua lipi la kawaida na lipi la hatari

JE, ulidungwa sindano za kuondoa mishipa iliyotokeza miguuni, ukatarajia miguu laini kama ya ujanani, lakini wiki kadhaa baadaye bado ni mizito, inawasha, au ina madoa meusi ambayo hayakuwapo awali? Usifadhaike mapema, lakini pia usipuuze. Nyingi ya dalili hizo ni sehemu ya kupona. Chache ni ishara ya hatari isiyoweza kungoja hadi Jumatatu. Ni muhimu ujue kuzitofautisha.

Siku hizi watu wengi mijini, hasa akina mama, hutafuta matibabu haya kwa sababu ya urembo. Kwa kuwa ni kazi ya dakika chache na mtu huenda nyumbani akitembea, wengi hudhani ni kama kwenda saluni. La hasha! Ni matibabu kamili, na mguu huhitaji muda wa kupona.

Mishipa hii hutokana na nini?

Moyo husukuma damu hadi miguuni kupitia ateri. Damu hiyo hurudi moyoni kupitia mishipa mingine iitwayo vena. Safari ya kurudi ni ya kupanda mlima. Kila unapopiga hatua, misuli ya shavu la mguu hukamua vena na kuisukuma damu juu, nazo vali ndogo zilizo ndani ya vena hujifunga ili damu isirudi chini.

Vali zikilegea, damu hutuama. Vena hutanuka na kujipindapinda chini ya ngozi kama kamba. Ile midogo zaidi, ya rangi nyekundu au zambarau, hutambaa juu ya ngozi mfano wa utando wa buibui. Hali hii hurithiwa katika familia nyingi. Aidha huchochewa na ujauzito, umri, unene, na kazi za kusimama kutwa kama vile ualimu, uuguzi, ulinzi na uuzaji dukani.

Sindano hufanya kazi gani?

Dawa zinazotumiwa sana ni polidokano na sodiamu tetradesili salfeti. Daktari huidunga dawa ndani ya mshipa ikiwa maji au povu. Dawa haiuyeyushi mshipa papo hapo, bali huuchoma ukuta wake wa ndani. Kuta hushikamana, mshipa hufungika, ukawa kovu, na mwili huliondoa kovu hilo polepole. Damu nayo hutafuta njia katika vena nyingine zilizo nzima.

Vena kubwa mara nyingi hufungwa kwa joto la leza au la mawimbi ya redio kupitia waya mwembamba unaoingizwa ndani ya mshipa, au huondolewa kwa upasuaji.

Basi fahamu jambo hili: matibabu haya ni jeraha la makusudi. Palipo na jeraha hapakosi uvimbe, maumivu na alama kwa muda. Mishipa midogo huchukua kati ya wiki 3 na 6 kufifia, nayo mikubwa huhitaji miezi 3 hadi 4. Mara nyingi sindano za mara moja hazitoshi. Anayejikagua kwenye kioo baada ya siku 5 na kusema ametapeliwa anafanya haraka mno.

Dalili za kawaida

Mwasho na vipele. Saa chache baada ya sindano, ngozi huweza kuvimba kama iliyoumwa na mbu. Hali hii hutulia baada ya saa chache au siku chache.

Kuvilia damu. Alama za bluu na kijani hutokea palipodungwa, na hupotea kwa muda wa wiki 2 au 3.

Vinundu vigumu. Baada ya wiki moja au zaidi unaweza kupapasa na kukuta uvimbe mgumu unaouma juu ya mshipa uliotibiwa. Mara nyingi hiyo ni damu iliyonaswa ndani ya mshipa uliofungwa. Rudi kwa daktari wako. Anaweza kuitoa kwa sindano nyembamba, ukapata nafuu na madoa yakapungua. Usijitoboe mwenyewe nyumbani.

Madoa ya kahawia au meusi. Damu iliyonaswa huacha madini ya chuma kwenye ngozi. Tena ngozi yetu nyeusi, kila inapojeruhiwa, huwa na tabia ya kuacha doa. Mengi hufifia kati ya miezi 6 na 12, ingawa machache hudumu zaidi ya mwaka. Epuka jua kali katika sehemu hiyo. Usithubutu kutumia mafuta ya kujichubua. Hayataondoa chuma kilicho ndani, na yanaweza kuiharibu ngozi kabisa.

Mishipa mipya myembamba. Watu wengine huona vijishipa vyekundu vimechipuka kuzunguka mahali palipotibiwa. Vingi hutoweka vyenyewe kabla ya mwaka kwisha.

Ganzi na kuvutwa. Waliofungwa vena kubwa kwa joto huhisi kama kamba inavutwa ndani ya paja, hasa karibu na wiki ya kwanza. Hali hiyo hulegea yenyewe. Wengine hupata ganzi sehemu ya ndani ya mguu au pembeni mwa unyayo kwa sababu neva za hisi hupita sambamba na vena hizo. Kwa wengi ganzi hupungua kadiri miezi inavyopita, lakini kwa wachache hubaki. Daktari anapaswa kukueleza jambo hili kabla ya kuanza.

Dalili za hatari

Hapa ndipo msomaji anapaswa kuwa macho. Kwa nadra, damu huganda katika vena za ndani kabisa ya mguu. Bonge hilo likichomoka, husafiri hadi kwenye mapafu na linaweza kuua.

Nenda hospitalini siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, endapo:

- Mguu mmoja umevimba ghafla kuliko mwenzake, shavu la mguu linauma, ni la moto au limekaza.
- Maumivu yanazidi siku baada ya siku badala ya kupungua.
- Ngozi palipodungwa imegeuka nyeupe au nyeusi, ina malengelenge, au pamekuwa kidonda.
- Una homa, na mguu ni mwekundu au unatoa usaha.

Nenda mara moja katika idara ya dharura, bila kungoja hata saa moja, endapo:

- Unakosa pumzi, kifua kinachoma unapovuta hewa, unakohoa damu au umezirai.
- Uso umepinda upande mmoja, mkono umelegea au maneno hayatoki sawasawa.
- Midomo au koo limevimba muda mfupi baada ya sindano.

Msomaji, hapa pana kosa moja ambalo watu wetu hulifanya kwa nia njema. Mguu ukivimba na kuuma, jamaa huleta mafuta na maji ya moto, wakaanza kuukanda. Usikubali! Mguu unaoshukiwa kuwa na damu iliyoganda haukandwi wala hausuguliwi. Huchunguzwa kwa altrasaundi, na ikithibitishwa kuwa damu imeganda, mgonjwa hupewa dawa za kuzuia bonge lisikue. Matibabu hayo yapo na hufaulu, mradi usichelewe.

Mbona bado inauma baada ya miezi?

Tuchukue mfano wa mwanamke anayeuza duka la vitambaa, husimama kutoka saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Alifungwa mishipa midogo ya mapajani, na kwa macho miguu yake imependeza. Hata hivyo jioni bado ni mizito na vifundo vimevimba. Kunao uwezekano wa aina tatu.

Kwanza, huenda chanzo hakikuguswa. Vijishipa vya juu vinaweza kuwa vinalishwa na vena kubwa ya ndani ambayo vali zake zimelegea. Kuondoa vya juu pekee ni kama kupiga deki sakafu huku bomba likiendelea kuvuja. Ndiyo sababu mwongozo wa matibabu uliotolewa Uingereza mwaka 2013 na taasisi ya NICE unataka vena zilizotokeza zipimwe kwa altrasaundi inayoonyesha mwendo wa damu kabla ya kuamua tiba.

Pili, huenda maumivu hayakutokana na mishipa tangu mwanzo. Uti wa mgongo ukibana neva, maumivu hushuka hadi mguuni. Magoti yenye yabisi huuma. Kisukari huleta ganzi na moto kwenye nyayo. Upungufu wa madini ya chuma mwilini unaweza kuifanya miguu isitulie usiku. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu, kama vile amlodipini, huvimbisha vifundo. Miguu yote miwili ikivimba, daktari huangalia pia moyo, figo na ini. Nao wenye ateri zilizoziba hupata maumivu ya tafu wanapotembea, yakapoa wakisimama. Hayo yote hayaondolewi kwa sindano za urembo.

Tatu, tabia ya vena kulegea haiishi kwa kufunga michache. Mishipa iliyofungwa imekwisha, lakini mingine huweza kutokea miaka ijayo.

Kwa hiyo, iwapo maumivu au uzito haujapungua baada ya wiki 6, au umerudi baada ya kupona, usikimbilie kudungwa tena. Omba upimwe upya.

Namna ya kuusaidia mguu upone

Tembea. Anza mara tu unapotoka kwa daktari, na uendelee kila siku kwa nusu saa hivi. Kulala kitandani siku nzima si mapumziko kwa mguu huu, bali hukaribisha damu kuganda.

Vaa soksi za kubana kama ulivyoagizwa. Zivae asubuhi kabla miguu haijavimba, zisikunjane nyuma ya goti. Vidole vikiwa baridi, vya bluu au vikifa ganzi, zivue. Mwenye ateri zilizoziba au ganzi ya kisukari asizivae kabla ya kupimwa, kwani zinaweza kumletea kidonda. Usinunue za kubahatisha sokoni. Hupimwa kwa futi ya fundi kwenye kifundo na tafu.

Inua miguu juu kuliko moyo kwa dakika 15 mara kadhaa kwa siku. Ukiwa kazini, inua visigino na kuvishusha mara 20 kila nusu saa. Hilo huamsha misuli ya tafu.

Epuka maji ya moto sana, chumba cha mvuke na kunyanyua mizigo mizito kwa wiki 1 au 2 za mwanzo.

Ahirisha safari ndefu. Wataalamu wengi hushauri usipande ndege ya safari ndefu katika wiki 4 za mwanzo. Basi la Nairobi hadi Mombasa nalo humkalisha mtu karibu kutwa nzima. Ikiwa huna budi kusafiri, muulize daktari kwanza, vaa soksi zako, kunywa maji, chezesha vifundo na ushuke kunyoosha miguu kila basi linaposimama.

Usimeze dawa ovyo. Dawa nyingi za kutuliza maumivu zina madhara kwa wenye vidonda vya tumbo, maradhi ya figo au wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda. Vidonge vya kupanga uzazi vyenye homoni ya estrojeni huongeza hatari ya damu kuganda, kwa hivyo mweleze daktari kama unavitumia. Usiviache kimyakimya ukapata mimba usiyoitarajia.

Kabla ya kukubali sindano

Ikiwa bado hujatibiwa, uliza maswali haya. Je, anayenidunga ni daktari aliyesajiliwa? Nchini Kenya sajili ya madaktari hutunzwa na baraza la KMPDC, na ni haki yako kuuliza. Je, vena za ndani zitapimwa kwanza? Je, ni dawa gani, na nikipata shida usiku nimpigie nani simu? Je, leza ya juu ya ngozi inayotumiwa inafaa ngozi nyeusi? Si kila leza inafaa, na isiyofaa huunguza na kuacha mabaka.

Mweleze pia ikiwa una mimba au unanyonyesha, ikiwa wewe au jamaa wa karibu amewahi kupata damu kuganda, na ikiwa una mzio wowote. Mjamzito hushauriwa angoje, kwa kuwa mishipa mingi hunywea yenyewe katika miezi ya baada ya kujifungua.

Hakuna aibu kutaka miguu ipendeze. Lakini mguu ni wa kutembelea kabla ya kuwa wa kutazamwa. Doa litafifia na kinundu kitalainika kwa subira. Mguu mmoja uliovimba ghafla haungojewi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta; safari hii, ziba ufa huo hospitalini, usiku uo huo.