Dawa Moja, Majina Mawili: Isome Orodha Yako Bila Wasiwasi

Daktari amebofya kompyuta, dawa zimeandikwa, lakini ukifika dirishani unakabidhiwa boksi lenye jina jingine kabisa. Tulia! Mara nyingi ni dawa ileile: kompyuta imeonyesha jina la kitaalamu, boksi limebeba la kibiashara. Hivi ndivyo utakavyoyaoanisha.

1. Tafuta maandishi madogo
Chini ya jina kubwa la boksi, jina la kitaalamu lipo. Panadol ni parasetamoli, Flagyl ni metronidazoli, Brufen ni ibuprofeni. Linganisha na karatasi yako kabla hujaondoka dirishani.

2. Majina matatu, ini ni moja
Hapa ndipo wengi wanapoumia, kwa hiyo soma taratibu. Hospitali imekupa parasetamoli, nyumbani una Panadol, na dawa ya mafua uliyonunua jana huenda nayo ina parasetamoli ndani. Ukizimeza zote, unarudia dawa moja! Kwa kawaida mtu mzima hapaswi kuvuka gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Ukizidisha, ini linaweza kuharibika huku siku ya kwanza ukijiona mzima tu. Na malaria je? Coartem na ALu ni dawa mseto ileile, usimeze dozi mbili kwa pamoja.

3. Jumlisha namba
Boksi linasema Augmentin 625, kompyuta inasema 500/125. Hujapunjwa! Ni miligramu 500 za amoksilini na 125 za asidi ya klavulaniki. Septrin 480 nayo ni 400 na 80.

4. Mzio uandikwe kwa kiini cha dawa
Septrin iliwahi kukuvimbisha au kukutoa vipele? Sema, kisha omba mzio huo uandikwe wazi, pamoja na kwamba Septrin ina salfa. Kompyuta inayotoa onyo hutegemea kilichoingizwa ndani yake. Mama mjamzito, hili ni lako hasa: SP, ile dawa ya kuzuia malaria unayopewa kliniki, nayo ina salfa, ingawa majina hayafanani hata kidogo. Mwambie muuguzi kabla ya kumeza. Na kama penisilini ndiyo inayokudhuru, Augmentin imo kwenye ukoo huohuo.

5. Piga picha boksi
"Kile kidonge cheupe cha presha" hakimsaidii daktari mpya, maana vyeupe ni vingi mno! Piga picha upande wenye jina la kitaalamu na miligramu, uiweke kwenye simu. Ukibadilishiwa boksi, piga nyingine, ufute ya zamani.

6. Wa dawa za kifafa, ulizeni kwanza
Kwa baadhi ya dawa hizi, kuhama kutoka kampuni moja kwenda nyingine kunaweza kurudisha degedege. Boksi likibadilika, ongea na daktari au mfamasia kabla ya dozi inayofuata, lakini usiache dawa.