Chama cha Wanasheria na Elimu ya Wakfu

Watu wengi hudhani ya kuwa chama cha mawakili ni mfano wa chama cha wafanya kazi, yaani watu wamekutana ili kutetea ujira wao na kumzuia asiye wakili asiingie katika kazi yao. Dhana hiyo si uongo mtupu, maana kila fundi huilinda kazi yake. Lakini iko kazi nyingine isiyoonekana upesi, nayo ni kuitunza elimu ya sheria: kukusanya maandishi ya kale, kuzichungua hukumu za majaji, na kusema waziwazi pale jaji alipokosea. Mwenye nyumba ya mawe pale Lamu aweza kuona kwamba jambo hili halimhusu. Basi na asome habari ya wakfu.

Tuseme mtu wa Shela au wa Siyu anayo nyumba, na nyuma yake shamba la minazi. Aogopa ya kuwa akifa urithi utagawanywa vipande vipande, mwisho kila mjukuu apate chumba nusu na minazi mitatu, na nyumba iuzwe kwa mgeni. Kwa hiyo huiweka wakfu. Haiuzwi tena, hairithiwi, wala haitolewi zawadi. Watoto wake na watoto wa watoto wake hukaa humo na kula mazao, na kizazi kikikatika faida yote huenda kwa maskini au kwa msikiti. Huo ndio wakfu wa jamaa. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yafuatwayo na watu wengi wa pwani, hawakuutilia shaka. Kwao kumsaidia jamaa ni sadaka, tena sadaka iliyo bora.

Elimu hii ilikuwapo Lamu kabla ya wakili wa kwanza kufika. Msikiti wa Riyadha, uliojengwa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa juhudi za Habib Saleh, ulipata sifa kuwa mahali pa kusomea, na wanafunzi walikuja kutoka miji mingine ya pwani. Mwanafunzi wa sheria husoma mbele ya sheikh, kitabu baada ya kitabu, na sheikh akiridhika humpa ijaza, yaani ruhusa ya kukifundisha kitabu kile. Miongoni mwa vitabu vilivyoheshimiwa ni Minhaj ya Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277. Palikuwa hapana chama chenye mwenyekiti na daftari ya ada, lakini kazi ilikuwa ile ile: mwanachuoni mmoja hakuachwa peke yake na rai yake, bali aliulizwa na wenzake ameitoa wapi.

Utawala wa Kiingereza ulipokuja, makadhi waliachiwa mambo ya ndoa, talaka na mirathi, lakini rufani zilikwenda kwa majaji wasiojua Kiarabu. Majaji hao walitegemea Minhaj iliyotafsiriwa. Na tafsiri yenyewe ilikuwa na safari ndefu. Mholanzi Van den Berg alikitia kitabu katika Kifaransa, kikapigwa chapa Batavia kati ya mwaka 1882 na 1884, kisha E. C. Howard akakitoa katika Kifaransa na kukitia katika Kiingereza mwaka 1914. Kwa hiyo hakimu alisoma maneno ya Imam Nawawi baada ya kupita katika vinywa viwili vya kigeni. Mtu yeyote aliyepata kutafsiri hata tangazo la kodi ya vibanda ajua ni mangapi yaweza kupotea njiani.

Hata hivyo dhara kubwa halikutoka katika tafsiri. Lilitoka Bara Hindi. Mwaka 1894 baraza la mwisho la rufani, lililokuwa London kwa ajili ya makoloni yote, lilihukumu daawa la wakfu wa jamaa kutoka Bengali. Likasema ya kuwa ikiwa maskini watapata kitu baada ya kizazi chote kwisha tu, basi sadaka hiyo ni ya jina tu, na wakfu ni batili. Waislamu wa India walilalamika sana, na mwaka 1913 ikatungwa sheria ya kuurudishia wakfu wa jamaa uhalali wake. Lakini sheria ile ilikuwa ya India. Hukumu yenyewe haikufutwa. Na katika desturi ya Kiingereza hukumu ya baraza la juu huzifunga mahakama za chini, nayo husafiri kuliko jahazi lolote. Kadhi akikosea, kosa lake hukaa na wale waliosimama mbele yake. Kosa la baraza kuu huingia kitabuni na kungoja watu ambao bado hawajazaliwa.

Mwaka 1946 Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki iliifuata hukumu hiyo katika daawa lililotoka Unguja. Kisha daawa jingine, lililotoka Kenya, likafika London, na hukumu yake imechapishwa katika vitabu vya hukumu vya mwaka 1952: kanuni ya Bengali yawahusu Waislamu wa Kenya pia. Mtu wa Lamu aliyeishi katika nyumba ya wakfu wa babu yake alikuwa na haki ya kuogopa. Ndugu mmoja mwenye tamaa angeweza kwenda mahakamani na kusema, wakfu huu ni batili, nyumba igawanywe.

Hapo ndipo faida ya elimu iliyopangwa ilipoonekana. Uingereza palikuwa na vyama vya namna hiyo tangu zamani: Selden Society, iliyoanzishwa mwaka 1887 ili kupiga chapa maandishi ya kale ya sheria ya Kiingereza, na chama cha walimu wa sheria cha mwaka 1908. Mwalimu mmoja wa London, J. N. D. Anderson, alitembelea nchi za Afrika zilizokuwa chini ya Uingereza, na mwaka 1954 kikatoka kitabu chake juu ya sheria ya Kiislamu katika nchi hizo. Alionyesha ya kuwa hukumu zile za wakfu hazikupatana na vitabu vya Waislamu wenyewe. Mwaka 1957 ilianzishwa London jarida la sheria za Afrika, na hoja ya wakfu wa Afrika ya Mashariki iliendelezwa humo. Yafaa kusema kweli, lakini, ya kuwa wanavyuoni wa pwani walikuwa wameyajua hayo siku zote. Walichokosa ni jarida ambalo jaji angelisoma.

Kenya yenyewe haikungoja maprofesa. Mwaka 1951 ilitungwa Sheria ya Makamishna wa Wakfu, na ndani yake ikatamkwa ya kuwa wakfu wa jamaa ni halali, mradi mambo mengine yote yafuate sheria ya Kiislamu na mwisho wa faida uwe wa maskini au wa jambo jingine la dini au la hisani lisilokoma.

Chama cha Wanasheria cha Kenya kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1949. Siku zile Mwafrika aliyetaka kuwa wakili alipaswa kuvuka bahari, kwa maana kitivo cha kwanza cha sheria katika Afrika ya Mashariki kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961, na cha Nairobi mwaka 1970. Sheria mpya ya chama hicho, ya mwaka 2014, yakiagiza kuisaidia serikali na mahakama katika utungaji wa sheria, kuusaidia umma katika mambo ya sheria, na kuinua kiwango cha elimu ya wanachama. Wakili aliyekwisha kufuzu bado hulazimika kuhudhuria masomo kila mwaka ili apewe leseni. Sheikh wa zamani angecheka kidogo kusikia ya kuwa masomo hayo huhesabiwa kwa alama.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170, yataka kadhi awe Mwislamu mwenye elimu ya sheria ya Kiislamu, na yaipa mahakama yake mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, ikiwa wote wawili ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa nayo. Neno wakfu halimo katika orodha hiyo. Kwa hiyo mzozo wa nyumba ya wakfu waweza kufika mbele ya jaji asiyesoma Kiarabu, na mbele yake wakasimama mawakili wawili waliosoma sheria ya Kiingereza. Katika miaka ya 2010 maandishi ya mkono ya Riyadha yalipigwa picha kwa msaada wa mradi wa Maktaba ya Uingereza, na mtu yeyote aweza kuyatazama bila kufika Lamu. Wakili atakayeyahitaji itambidi ajifunze kuyasoma, au amtafute aliyeyasoma mbele ya sheikh.