Kutoa Dizeli Iliyobaki Katika Gari Lisilowaka: Somo kwa Wakazi wa Mipakani



Kando ya barabara ziendazo Malaba, Busia, Mutukula, Katuna na Mpondwe, si ajabu kuliona lori lililosimama kwa wiki kadhaa likingoja vipuri. Nyuma ya nyumba zetu pia yapo magari ambayo injini zake zilikwisha kufa, lakini matangi yake bado yana dizeli. Mwenye gari hutaka kuitoa kabla ya kuliuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, au kabla fundi hajaligusa tangi. Haja hiyo ni halali. Hata hivyo, kazi hii inayodhaniwa kuwa ndogo imewapeleka wengine hospitalini, wengine rumande, na wengine kaburini. Kwa hiyo usifungue tangi kabla hujajua mambo matatu: ni mali ya nani, mna nini ndani yake, na mafuta yatakwenda wapi.

Ni mali ya nani?

Gari lililokufa si gari lililotupwa. Kutoa mafuta bila ruhusa ya mwenyewe ni wizi, na kuyanunua huku ukijua kuwa yameibwa ni kosa pia. Mwenye gari awepo, au atoe ruhusa kwa maandishi. Mwenyekiti wa LC1 ajulishwe, kazi ifanywe mchana, na idadi ya lita iandikwe. Utaratibu huu humlinda fundi mwaminifu: doria ikimkuta njiani na madumu manne, karatasi itamsemea. Mkumbuke pia kwamba kuvusha mafuta mpakani bila kupitia forodha ni magendo, hata kama yametoka katika gari lako mwenyewe.

Mna nini ndani ya tangi?

Dizeli safi haishiki moto upesi kama petroli. Huanza kutoa mvuke wa kutosha kuwaka inapofikia joto la nyuzi 55 hivi za Selsiasi, ilhali petroli hutoa mvuke huo hata penye baridi kali ya barafu. Kwa sababu hiyo wapo wanaosema, “Hii ni dizeli tu,” huku sigara ikiwaka mkononi. Kosa lao liko hapa: hakuna ajuaye kwa hakika kilichomo katika tangi lililokaa muda mrefu. Mafuta yaliyochakachuliwa kwa petroli kidogo tu huwaka kama petroli. Na dizeli halisi ikilowana katika kitambaa au nguo huwaka kwa urahisi, kwa kuwa kitambaa hufanya kazi ya utambi. Basi kila tangi lihesabiwe kuwa la hatari.

Hatua za kazi

1. Gari liwe mahali pa wazi penye hewa, mbali na jiko, sigara, jenereta na mashine ya kuchomelea. Watoto na watazamaji wasogezwe mbali.
2. Zuia magurudumu kwa mawe au magogo. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.
3. Tenganisha betri, ukianza na waya wa upande wa hasi.
4. Weka karibu kizima moto cha unga au ndoo za mchanga mkavu. Usimwagie maji mafuta yanayowaka, maana yataelea juu ya maji na kuusambaza moto.
5. Fungua kifuniko cha tangi polepole ili hewa iingie. Kisha tumia bomba la mkono, au legeza kidogo kidogo nati iliyo chini ya tangi huku chombo kikubwa kikiwa kimekinga.
6. Chombo kikae chini ardhini wakati wa kujazwa, wala si juu ya plastiki au ndani ya gari lingine, ili umeme tuli usizae cheche. Kisijazwe hadi mdomoni.

Usivute kwa mdomo

Vijana wengi huingiza mpira ndani ya tangi na kuvuta kwa mdomo. Funda moja likipotea njia na kuingia mapafuni huleta uvimbe unaoweza kuua, na dalili zake zaweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Aliyemeza asitapishwe, kwa kuwa kutapika huyapa mafuta nafasi ya pili ya kuingia mapafuni. Akalishwe wima na apelekwe kituo cha afya mara moja, hata kama anasema hajambo.

Mafuta yatakwenda wapi?

Maji na tope hukaa chini ya dizeli, hivyo yatatangulia kutoka kwenye nati. Jaza kiasi kidogo katika chombo kinachopenya mwanga, ukiache kitulie. Ukiona tabaka mbili, ukungu, au weusi wenye harufu ya uchachu, usiyatie katika injini nyingine. Yapeleke kwa fundi anayekusanya mafuta machafu. Usiyamwage mtaroni, maana kisima cha jirani kiko chini yake. Usiyatie katika taa wala jiko, kwani hujui yamechanganywa na nini. Wala usiyahifadhi katika chupa ya soda, kwa sababu mtoto hasomi harufu. Husoma umbo la chupa.

Tangi likikauka, hatari haijaisha. Mvuke uliobaki ndani, ukikutana na moto wa kuchomelea, hulipasua tangi kama bomu. Lisikatwe wala kuchomelewa kabla halijasafishwa na fundi mwenye ujuzi.

Mkutano wa madumu

Tarehe 2 Julai 2010, huko Sange, kati ya Bukavu na Uvira, lori la mafuta lilipinduka. Watu wakakusanyika kuchota, moto ukalipuka, na zaidi ya 230 wakapoteza maisha. Juni 2013 msiba wa namna hiyo ulitufika hapa Uganda, Namungoona, Kampala. Na Agosti 2019 uliwafika ndugu zetu wa Morogoro, Tanzania. Waliokwenda kuchota walitafuta dumu moja la bure. Basi ukiona mafuta yanamwagika barabarani, ondoka, waondoe na wengine, kisha piga simu 999 au 112. Askari anayewazuia kusogea hawanyimi riziki; anawazuia msizikwe.

Maswali ya kujadili barazani

1. Katika kijiji chetu yapo magari mangapi yasiyowaka, na wenyewe wanajulikana?
2. Nani kati yetu ana bomba la mkono la kuwaazima majirani?
3. Lori likipinduka leo jioni, nani atawazuia watoto wetu wasilikaribie?