Dondoo muhimu: Baiskeli yako ya kwanza ya umeme

Kwa njia za vumbi na vilima vya Lusewa, anza na uzito. Baiskeli nyingi za umeme zina kilo 20 hadi 30, na betri ikikata njiani ni miguu yako itakayofanya kazi. Inyanyue ukiwa dukani.

Fremu ya kike, isiyo na bomba la juu, inamfaa sana mama aliyevaa kitenge au yeyote mwenye mzigo kwenye keria: unapanda bila kurusha mguu. Lakini hupinda na kuyumba zaidi ikilemewa. Funga debe la mahindi nyuma, teremka nayo mlima, shika breki zote mbili. Hapo utaijua.

Betri? Zidisha volti kwa ampea-saa. Volti 36 mara 10 ni wati-saa 360, kama kilomita 25 hadi 35 ukisaidia kwa pedali. Mchanga na milima huupunguza umbali huo. Chagua inayochomoka, uichaji ndani, hasa wakati wa mvua za Novemba hadi Aprili.

Mota iliyo ndani ya gurudumu la nyuma ina waya unaotatiza kulitoa gurudumu, na pancha hazikwepeki. Mwonyeshe kwanza fundi wako. Akishindwa kulitoa gurudumu hilo, usinunue.