Mtoto wa jicho na kipimo cha upana wa kuona

Mgonjwa anarudi kambini kutoka hospitali ya rufaa na karatasi yenye picha nyeusi karibu yote. Anamwuliza mhudumu wa afya: "Je, jicho langu limekufa?" Usimjibu haraka.

Kipimo hicho hufanyika hivi. Mgonjwa huweka kidevu mbele ya bakuli kubwa jeupe, jicho moja likiwa limefunikwa. Hukazia nukta ya katikati, na kila aonapo kidoa cha mwanga pembeni hubonyeza kitufe. Asipoona, mashine huchora weusi. Mara nyingi kinachotafutwa ni glakoma, yaani presha ya macho. Ugonjwa huo huharibu mshipa wa fahamu wa jicho, mara nyingi bila maumivu, na kilichopotea hakirudi.

Sasa, mtu mwenye mtoto wa jicho anatazama kama kupitia kioo cha chemli chenye masizi. Mwanga unaingia kidogo na kutawanyika, hivyo vidoa hafifu havioni. Karatasi hutoka na weusi uliotapakaa kila upande, hata kama mshipa ni mzima. Kwa kawaida glakoma huanza tofauti: doa upande wa pua, au upinde juu au chini ya katikati. Magonjwa yote mawili yakiwapo, ukungu hulificha doa. Mashine hujaribu kuondoa ukungu huo kwa hesabu, lakini lenzi ikiwa nzito sana hesabu hizo haziaminiki.

Uchovu nao huharibu majibu. Vilevile lugha: bibi anayejua Kirundi tu, akielezwa kwa Kiswahili, atabonyeza ovyo. Kwa maoni yetu mkalimani ni wa lazima kama gari la rufaa.

Hapa kambini tochi inasaidia. Mtoto wa jicho peke yake hazuii mboni kusinyaa inapomulikwa. Hata aliyekomaa kabisa bado humwacha mgonjwa atambue mwanga unatoka juu, chini, kushoto au kulia. Funika jicho moja, mulika jingine pande hizo nne. Mboni ikiwa haisinyai vizuri, au mgonjwa akishindwa kuonyesha upande wa mwanga, huenda tatizo liko nyuma ya lenzi. Andika hivyo kwenye fomu ya rufaa, wala usimwahidi kwamba upasuaji utamrudishia macho.

Baada ya upasuaji weusi uliotapakaa hupungua; weusi wa glakoma hubaki. Kwa hiyo kipimo kirudiwe jicho likishapona, na karatasi hiyo mpya ndiyo itumike kulinganishia miaka inayofuata. Ya zamani isitupwe. Na mgonjwa aliyepewa dawa ya matone ya glakoma asiiache kwa sababu tu sasa anaona vizuri. Aulize kwanza kliniki ya macho.