Kabla ya kumvisha mbwa mkanda wa kuzuia kubweka

Kwanza jiulize anabweka kwa nini. Anayembwekea mtu getini anafanya kazi yake. Anayebweka kutwa akiwa amefungwa peke yake ana upweke, na mkanda hautauondoa. Ukihisi ana maumivu, mpeleke kwa daktari wa mifugo, si dukani.

Mikanda iliyozoeleka ni ya kupiga shoti, ya kupuliza harufu kali ya jamii ya mchaichai, na ya kutetemeka. Ya shoti iache kabisa. Wales iliipiga marufuku tangu 2010, na sababu inaeleweka: mbwa hajui kwamba kosa ni sauti yake. Akipigwa shoti huku akimtazama mtoto wa jirani, anaweza kuamini mtoto ndiye aliyemuumiza, na siku nyingine akamng'ata. Ile ya harufu huuzwa kama ya upole, lakini kwa pua ya mbwa adhabu hiyo hubaki shingoni hata akishanyamaza. Tena baadhi ya mikanda hushtuliwa na mlio wa mbwa mwingine.

Kama tayari anavaa, usimwache nao usiku kucha. Vichuma vinavyogusa ngozi huweza kumtia vidonda. Kagua shingo kila siku.

Kinachosaidia zaidi: ziba uwazi wa geti asione wapita njia, mtembeze asubuhi, mpe kitu cha kutafuna, na mtunze kipande cha chakula papo hapo anaponyamaza. Usimfokee. Huenda akadhani nawe unabweka.